Sura ya Tano: Apaaye Bila Injini Hupandishwa na Nini?

Katika maswali yote ambayo watu wa Moshi huniuliza, wakijua kwamba nimeishughulikia elimu ya hewa kwa miaka mingi, hakuna linalorudiwa kama hili: mtu aliyening'inia chini ya kitambaa, asiye na injini wala mbawa za kupiga, huwezaje kupanda juu kuliko kilima alichorukia, kisha akasafiri kwa saa tatu au nne, akavuka uwanda mzima, na kutua mahali alipopakusudia tangu asubuhi? Kwamba mtu aanguke polepole, hilo kila mmoja hulikubali, kwa kuwa jani nalo huanguka polepole. Bali kwamba apande, hilo akili hulikataa, na wako wanaodhani kwamba ipo mashine iliyofichwa mgongoni.

Mashine hakuna. Jawabu lote limo katika jambo ambalo bibi yangu alilijua pasipo kulisoma kitabuni, na kwa hiyo, kabla sijaieleza siku ya mashindano ya kupaa masafa marefu, namwomba msomaji afuatane nami kwanza hadi kihambani.

Jani la mgomba

Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga, ambamo migomba, kahawa, magimbi na miti mirefu huota pamoja kuizunguka nyumba. Katika kihamba chetu cha Kibosho bibi alikuwa akianika ulezi wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi, juu ya mkeka, mahali pa wazi nyuma ya jiko, na kazi yangu utotoni ilikuwa kuwafukuza kuku. Mbele ya mkeka ule palikuwa na mgomba mzee, ambao jani lake la chini lilikuwa limekwisha kuchanwa na upepo likawa vipande vyembamba kama kanda. Alfajiri kanda zile ziliinama kidogo kuelekea bondeni, maana hewa ya baridi ilikuwa ikishuka kutoka mlimani. Jua lilipochomoza zilinyooka, zikatulia kabisa. Kisha, yapata saa nne, ukanda mmoja ulitikisika, wa pili ukafuata, na baada ya kitambo zote zikageuka, ncha zake zikielekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Hapo bibi aliniambia kwa Kichaga maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mjukuu wangu, kunja mkeka. Mlima unavuta pumzi."

Nami nilikunja, na aghalabu haikufika adhuhuri kabla wingu halijaifunika misitu ya juu na kuanza kututeremkia.

Mlima kweli huvuta pumzi, na sababu yake ni rahisi. Jua halipashi hewa moto moja kwa moja ila kwa uchache. Huipasha ardhi, na ardhi ndiyo huipasha hewa iliyoigusa. Hewa iliyougusa mteremko wa mlima, kwa hivyo, huwa na joto kuliko hewa iliyo mbali, juu ya uwanda, kwenye kimo kilekile. Na kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, hupanda ikiufuata mteremko, huku hewa ya chini ikija kuijaza nafasi yake. Usiku ardhi hupoa, hewa iliyoigusa ikapoa na kuwa nzito, nayo huteremka. Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Basi fikiri mwenyewe ni pumzi ya namna gani inayovutwa kila siku na mteremko wenye kimo cha mita 5,000.

Nguzo ya hewa

Pumzi hiyo ya mlima ni nusu ya jawabu. Nusu ya pili iko uwandani, nayo huonekana katika sufuria ya maharage. Maji yanapopata moto hayapandi yote kwa pamoja. Hutoka povu hapa, likatoka jingine pale, na kila mpishi anajua kwamba ziko sehemu za sufuria ambazo huchemka kwanza. Ardhi nayo ndivyo ilivyo. Shamba jeusi lililolimwa karibuni, mabati ya nyumba za mjini, mchanga wa mto uliokauka, hivi hupata moto upesi. Ilhali msitu, mpunga uliomwagiwa maji na miwa mibichi hukawia, kwa sababu joto lake hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Juu ya zile sehemu zilizotangulia kupata moto hewa hukusanyika, ikalegea, kisha ikajibandua na kwenda juu kama povu la sufuria. Hewa hiyo ipandayo, ambayo huweza kuwa na upana wa mamia ya mita, mimi nitaiita *nguzo ya hewa*.

Kadiri nguzo ipandavyo hupoa, takriban nyuzi 1 ya sentigredi kwa kila mita 100, hata ifike mahali ambapo mvuke uliomo ndani yake hauna budi kugeuka matone. Hapo huzaliwa *wingu la pamba*, yaani lile wingu jeupe lenye kichwa cha mafundo na tumbo lililonyooka. Basi kila wingu changa la pamba ulionalo juu ya uwanda wa Moshi ni kichwa cha nguzo usiyoiona.

Ndege wakubwa wamelijua hili tangu zamani. Korongo weupe, ambao huja Afrika Mashariki wakikimbia majira ya baridi ya Ulaya, husafiri maelfu ya kilomita bila kupiga mbawa ila mara chache: huzunguka ndani ya nguzo hadi juu, huteleza mbele wakishuka, huitafuta nguzo nyingine, wakazunguka tena. Nao hujitahidi wasivuke bahari pana, kwa kuwa maji hayazai nguzo kama nchi kavu.

*Kwa muhtasari:* ardhi hupata moto kwa namna mbalimbali. Hewa iliyoigusa hupanda kwa nguzo. Juu ya nguzo huweza kutokea wingu. Na aliye ndani ya nguzo, akiwa ndege au mtu, hupandishwa nayo.

Chombo chenyewe

Chombo tunachokizungumzia huitwa paraglaida, na Waswahili wengi hukiita mwavuli, ingawa hakishuki wima kama mwavuli wa askari. Ni bawa la kitambaa lenye matabaka mawili na vyumba vyenye midomo wazi upande wa mbele, ambalo hewa ikiingia hulifurisha na kulipa umbo. Rubani hukaa chini yake kwenye kiti cha mikanda, akiwa ameunganishwa nalo kwa kamba nyembamba nyingi. Akivuta usukani wa kamba wa kulia huenda kulia. Akivuta wa kushoto huenda kushoto.

Mchezo huu ulianza kujulikana mwaka 1978, katika kijiji cha Mieussy nchini Ufaransa, ambapo waruka parashuti watatu, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, walijaribu kuondoka mlimani kwa kukimbia mteremkoni badala ya kulipa gharama ya ndege. Mwaka 1989 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Kössen, Austria.

Jambo moja lisisahauliwe: katika hewa iliyotulia chombo hiki hushuka daima, kiasi cha mita 1 kwa kila sekunde, na kwa kila mita 1 ya kushuka huenda mbele mita 9 hivi. Mwenye mita 1,000 chini ya miguu yake, kwa hiyo, ana uwezo wa kwenda kilomita 9 na kutua. Urefu ndio akiba yake. Akitaka kwenda kilomita 70, sharti aijaze akiba hiyo mara nane au zaidi, na kila mara aijaze kwa kitu asichokiona kwa macho.

Siku moja ya mashindano

Sasa na tuichore siku moja ya mashindano hapa petu, kwa mfano, mwezi wa Septemba, nchi ikiwa kavu na kusi ikivuma kwa upole. Mahali pa kurukia ni mgongo wa kilima ulio wazi, juu ya Himo, unaokabili kusini. Kituo cha kwanza kiko uwandani, kaskazini ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Cha pili kiko ukingoni mwa mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC. Na mwisho wa safari ni uwanja mpana kando ya mji wa Moshi. Kwa kuwa ndege za abiria hupita kwenda na kutoka Uwanja wa Kilimanjaro, KIA, sharti idhini ipatikane kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mipaka ya anga iwekwe ambayo mwenye kuivuka hupoteza alama zake.

Mpangilio wa siku huwa hivi:

1. *Saa mbili asubuhi:* marubani husomewa hali ya hewa, kisha kamati hukaa kuichagua njia inayoifaa siku ile.
2. *Saa nne:* wote wako mahali pa kurukia. Njia huandikwa ubaoni, nao huiingiza katika vyombo vyao vya GPS.
3. *Saa tano:* anga hufunguliwa, wakaanza kuruka mmoja baada ya mwingine.
4. *Saa sita na nusu:* lango la kuanzia hufunguliwa, na hapo ndipo mashindano huanza.
5. *Saa kumi na moja:* muda hukoma, na walio angani hutua.
6. *Magharibi:* magari huwakusanya waliotua njiani, vyombo husomwa, na matokeo hutangazwa.

Msomaji ataona kwamba baina ya kuruka na kuanza kuna saa moja na nusu. Muda huo hawaupotezi. Mia nzima ya marubani huweza kuwa wanazunguka katika nguzo moja, mmoja juu ya mwenzake kama ngazi ya jumba, na kanuni yao ni kwamba aliyetangulia kuingia ndiye huchagua upande wa kuzunguka, wengine wote wakamfuata. Hali kadhalika, wawili wakikutana uso kwa uso kando ya mteremko, aliye na mlima upande wake wa kulia huendelea, na mwenziwe humpisha, kwa kuwa yeye ana nafasi ya kukwepa. Adabu hizi ndizo zinazowazuia kugongana.

Tumfuate rubani mmoja. Amesimama akiukabili upepo, kitambaa kimetandazwa nyuma yake majanini. Mbele yake, juu ya fito, waandaaji wamefunga kanda za kitambaa chepesi, na macho yake hayatoki katika kanda hizo: zikilala, hafanyi kitu; zikivutwa huku na huku, anangoja; zikinyooka kumwelekea yeye, anavuta kamba, bawa linapanda juu ya kichwa chake, anakimbia hatua tano au sita, na ya saba haikanyagi ardhi.

Kifuani pake kuna chombo kidogo kiitwacho variomita, ambacho hupima kupanda na kushuka na kusema kwa mlio: akipanda hulia haraka, akishuka huguna. Anavuka bonde, chombo kinaguna. Anafika juu ya shamba lililolimwa, bawa la kulia linainuliwa kidogo kama anayesukumwa bega, na chombo kinaanza kulia. Wanafunzi wengi katika dakika hiyo hukosea, kwa kuwa bawa lililoinuliwa humsukuma mtu aende kushoto, kwenye hewa iliyokufa. Yeye hugeukia palepale alipoinuliwa, huegemea, na kuzunguka. Mita 2 kwa sekunde, kisha 3. Mashamba ya Himo yanakuwa kama viraka vya kanga.

Lango linapofunguliwa anaondoka na kundi. Kutoka hapo siku yote ni maswali mawili tu, yanayorudiwa: nguzo ya mbele iko wapi, na itakuwa na nguvu kiasi gani? Anayetaraji nguzo yenye nguvu huenda mbio, hata akiteketeza akiba yake, kwa kuwa ataijaza upesi. Anayeshuku huenda taratibu. Kwa hiyo anaisoma ardhi. Moshi wa majani yanayochomwa shambani umelala kwa muda mrefu, kisha umesimama ghafla: hapo hewa inavutwa juu. Mbele kuna bwawa, maji yanang'aa, na juu yake hakuna wingu hata moja. Anaukwepa upande huo na kukigusa kituo kwa mbali. Kituo, lazima nieleze, si mnara wala bendera, bali ni duara lisiloonekana lililochorwa katika hesabu, na chombo cha GPS ndicho shahidi kwamba aliliingia.

Miwa ya TPC ndiyo mtihani wake. Mashamba yale humwagiwa maji, ni mabichi, na hewa yake ni baridi. Wenzake wawili wanakata njia ya mkato juu yake, wakipungua kila dakika, hatimaye wanatua kando ya mfereji. Yeye anauzunguka ukingo ambapo ubichi unakutana na nchi kavu, maana hewa baridi ya miwa huteleza chini na kuichokonoa hewa ya moto iliyo jirani ijibandue. Anapanda pale, polepole, mita 1 kwa sekunde, akiwaona wengine wakimpita, naye hatoki. Anangoja mpaka hesabu imwambie kwamba urefu alio nao unamfikisha Moshi. Ndipo anaunyoosha mwili, anakanyaga kikanyagio cha mwendo, na kuteleza kilomita kumi na mbili bila kuzunguka tena.

Mshindi hupatikanaje?

Watu wengi hudhani mshindi ni aliyekwenda juu zaidi. La. Urefu hauna alama hata moja. Siku njema hutoa alama 1,000 kwa aliye bora kabisa, nazo hugawanywa baina ya mambo makuu matatu:

- *umbali*, ili hata aliyetua njiani apate haki ya jasho lake;
- *mwendo*, kwa waliofika mwisho wa safari;
- *uongozi*, kwa waliothubutu kutangulia na kuzitafuta nguzo, ambao wengine waliwafuata.

Napenda sana lile la tatu, kwa kuwa anayetangulia huwa kama kipofu anayewapapasia wenzake njia. Lakini napenda zaidi kanuni nyingine, kwamba rubani akiacha mbio kwenda kumsaidia mwenzake aliyeanguka, mashindano humfidia alama alizozikosa. Mchezo unaomfanyia mtu hivyo umemlinda na majaribu mabaya, yaani kuchagua baina ya kikombe na roho ya mwanadamu.

Wingu likigeuka

Sitakuwa mwaminifu nikisema nguzo ni neema tupu. Wingu la pamba likiendelea kukua, likawa refu kuliko upana wake na tumbo lake likawa jeusi, limo njiani kuwa wingu la radi, ambalo uvutaji wake humshinda rubani yeyote. Tarehe 14 Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, marubani walipokuwa wakijinoa kwa mashindano ya dunia, Ewa Wiśnierska wa Ujerumani alifyonzwa na wingu la namna hiyo hadi mita 9,946, juu kuliko kilele cha mlima wowote duniani. Alizimia kwa zaidi ya nusu saa, barafu ikamganda mwilini, na kwa rehema za Mungu akazinduka na kutua akiwa hai. Mwenzake wa China aliyenaswa na dhoruba ileile hakusalimika. Ndiyo sababu mkurugenzi wa mashindano ana mamlaka ya kuisimamisha siku nzima kwa neno moja la redio, na ndiyo sababu kila rubani hubeba parashuti ya akiba.

Mbona wasirukie Kibo?

Hili nalo huulizwa, na jawabu lake huwashangaza wengi: anayeanzia juu hushuka, na anayeanzia chini hupanda. Kileleni hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo bawa hudai mbio za kasi zaidi ili lishike, na mkimbiaji mwenyewe hana pumzi. Zaidi ya hayo, anayerukia Kibo hutafuta saa za asubuhi, kabla mlima haujavuta pumzi na kujifunika. Naye msafiri wa masafa huihitaji ile adhuhuri ambayo kwa mlima ni saa ya mawingu. Mwanzoni mwa 2013 marubani wa nchi nyingi walipanda Kilimanjaro na miavuli yao, katika safari iliyoitwa Wings of Kilimanjaro, wakichangisha fedha za misaada. Hali ya hewa ikakataa, na wengi wao, baada ya kungoja na kutumaini, walishuka kwa miguu. Wako walioona kuwa ni hasara. Mimi naona walifanya kazi kamili ya rubani, maana kuisoma hewa ni pamoja na kukubali inaposema hapana.

Anayetaka kuyaona masafa marefu katika nchi zetu na aende Iten, Kenya, kwenye ukingo wa Elgeyo, ambao umelikabili Bonde la Kerio kutoka kimo cha zaidi ya mita 1,000. Bonde lile ni kavu na la moto, ukingo huipokea hewa yake na kuipandisha, na miezi ya Januari na Februari marubani wa Ulaya huja kupaa hapo, wakiwa juu ya barabara zilezile ambazo wakimbiaji wa Iten hufanyia mazoezi.

Muhtasari wa sura

Apaaye bila injini hupandishwa na jua, kwa mkono wa ardhi. Hushuka daima katika hewa iliyotulia, lakini hutafuta hewa inayopanda upesi kuliko anavyoshuka. Mashindano hupima nani aliyeisoma ardhi vyema, akajua wapi aende mbio na wapi angoje.

Na elimu hiyo haikuletwa kwetu kutoka mbali. Hivi sasa katika kihamba chetu kuna mjukuu wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Wakati wa likizo iliyopita nilimkuta amesimama nyuma ya jiko, ameshika ncha ya jani la mgomba lililochanika, akingoja. Nikamwuliza anangoja nini. Akasema, "Shikamoo, babu. Nangoja mlima uvute pumzi." Tulisimama wote wawili kimya. Ilipofika saa nne na dakika chache akauachia ukanda mmoja, nao haukuanguka.